Mlezi Aliyesikia Pole

Mizani ya zahanati ya Kwemzitu haikuwa na adabu. Ilisoma uzito wa mtu kwa sauti, na dirisha la chumba chake lilitazama benchi la wagonjwa, kwa hiyo kilo zako zilikuwa za kijiji kizima kabla hujavaa viatu.

"Sitini na mbili," ilitangaza.

Nje, mtu alikohoa kwa heshima. Nasiba Shemdoe alishuka, akavua saa, akavua hereni, akapanda tena. Alikuwa rubani, na rubani hakubali habari mbaya mpaka aisikie mara ya pili.

"Sitini na mbili."

"Ni ileile," alisema Daktari Mahimbo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kujikuna kidevu kila alipokosa jibu, na msimu huu kidevu kilikuwa kimepata taabu. Alionyesha ukutani, ambako mwanga ulichora mstari wa uzito wa Nasiba tangu alipomzaa Nuhu. Mstari ulishuka vizuri, ukashuka tena, kisha ukalala. Tangu mvua zikatike ulikuwa umelala vilevile. "Dada Nasiba, usinielewe vibaya. Unakimbia kweli?"

"Iulize barabara."

Barabara ingemjibu. Kila asubuhi Nasiba alitoka kijitoni, akapanda kupita kwa fundi cherehani, akawapita wauza matunda, akapita bombani, hadi kwenye tangi la maji lililo juu kabisa, kisha akashuka na kupanda upya. Walipomwambia mwili umezoea, aliongeza kamba ya kuruka. Walipomwambia apunguze ugali, alikaa akiutazama ukiliwa na wengine. Alinyanyua ndoo za mchanga, akabadilisha mwendo, akalala mapema, akanywa maji mpaka akayachukia. Miguu ilikuwa imekaza, pumzi ilimtosha kuimba huku anapanda mlima, na bado mizani ilisema neno lilelile. Hasira zake hazikuwa za mvivu aliyefumaniwa. Zilikuwa za mtu aliyefanya kazi yake yote, akaambiwa hakufanya kitu.

Wala hakuwa anatafuta kiuno cha kuvalia gauni. Alitaka kurudi angani.

Chombo alichorusha kilikuwa na jina refu la kiserikali ambalo hakuna aliyelishika. Siku kiliposhuka kwa mara ya kwanza kwenye uwanja wa shule, duara jembamba na mtu amekaa katikati, bibi mmoja alikitazama akasema, "Ungo huo," na jina likakwama hapohapo. Yakabandikwa mabango ya kukanusha uchawi. Mabango yakaloa mvua, jina likabaki. Nasiba alilipenda. Alipokuwa msichana alitangaza nyumbani kwao kwamba atakuwa mchawi wa mchana, wa kuonekana na kila mtu, na kweli akawa.

Ungo ulibeba rubani mmoja na sanduku moja la damu, basi. Nguvu zake zilikuwa na kikomo, na kila kilo aliyozidi rubani ilikuwa mifuko ya damu inayobaki mezani. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na Ushimba, vijiji vilivyokatwa na maporomoko ya ardhi, ambako mwanamke akitokwa na damu uzazini hakuwa na pa kutazama isipokuwa juu. Ungo usio na mtu ulikwisha kujaribiwa, na upepo wa lile bonde ukautupa msituni, kwa sababu ule ni upepo wa kubishana nao. Mzee Kaoneka, aliyemshikia Nasiba nafasi, macho yalikuwa yanamwisha. Nasiba asipofika hamsini na nane mkaguzi atakapokuja mwisho wa msimu, ungo ungehamishiwa wilaya yenye rubani, na Ushimba wangebaki na mawingu yao.

"Labda uongeze mwendo kidogo," Mahimbo alisema, akijikuna kidevu.

*

Kisha ukaja ukungu.

Ulishuka kutoka msituni ukakaa, mzito, mweupe, mbuzi wakawa wanapotea ndani ya boma lao wenyewe. Nasiba hakuacha kukimbia, ila alikimbia kwa tahadhari, mkono mbele, na kwenye kona akatembea. Isitoshe, kulikuwa na harusi kwa jirani na pilau ya watu wenye roho nzuri, naye alikula kama mwalikwa, hakujidanganya. Siku ya kupimwa alipanda mizani akiwa amejiandaa kwa aibu.

"Sitini na moja," ilisema mizani.

Akaifanya irudie mara tatu. Nje kwenye benchi mtu alipiga makofi.

Alikuwa amekimbia kidogo na kula sana, na mwili uliokuwa umegoma miezi yote ukaachia. Mahimbo alisema huenda ni mapumziko yamemsaidia. Nasiba alisema huenda, ila njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anageuza jambo lile kichwani, kwa maana rubani anayefika salama bila kujua kwa nini hana raha.

Jibu lilimfikia siku ukungu ulipoondoka. Jua lilikuwa kali na milima yote imeoshwa, naye alipanda kwa maringo, magoti juu. Kwenye kona ya kwanza alisimama kufunga kamba ya kiatu. Hakuwa amechoka hata kidogo. Alipokuwa ameinama hivyo, fundi cherehani Singano akainua uso kutoka kwenye mashine yake barazani.

"Pooole, Mama Nuhu," alisema, kwa ile sauti ya kuvuta ya watu wa kule, kama anavyomwambia kila mtu anayepanda kilima kile.

Vidole vya Nasiba vikapoa.

Alivitazama. Baridi ilianzia kwenye ncha, ikapanda viganja, kisha miguu ikawa mizito. Aliijua hali hiyo. Ilimpata kila asubuhi mahali hapohapo, naye siku zote alikisingizia kilima. Leo kilima hakikuwa na kosa, maana alikuwa amesimama.

Akaendelea polepole. Kwa wauza matunda, wanawake wanne waliokaa nyuma ya ndoo za mapeasi walimpokea kwa pamoja. "Pole jamani, na jua hili." Baridi. Bombani alikuwapo mama mkwe wake, Bi Mwajabu, anakinga maji. "Pole, mwanangu. Pole sana." Baridi ikafika magotini.

Nasiba aligeuka, akashuka mbio mpaka kwa fundi.

"Shemeji, nipe pole."

Singano alimtazama juu ya miwani. "Umefiwa?"

"Sijafiwa. Nipe tu."

"Pole," alisema Singano kwa wasiwasi, na Nasiba akanyoosha mikono mbele, akaona kucha zake zinageuka rangi mchana kweupe. Akacheka mpaka fundi akasimamisha mashine.

*

"Mlezi wangu anasikia pole," alimwambia Mahimbo. "Nikipewa pole, ananifunga. Siku za ukungu hakuna aliyeniona, hakuna aliyenipa."

Daktari alianza kucheka, kisha kicheko kikamwishia katikati.

Kila mtu wa milima ile alikuwa na mlezi, kitu cha ukubwa wa punje ya mahindi, kilichopandikizwa chini ya mfupa wa mtulinga tangu miaka ya njaa. Kazi yake ilikuwa kuonja damu, na akimwona mwenyewe yuko mashakani, kupunguza moto wa mwili, kushikilia mafuta yasitumike, na kuondoa joto vidoleni na miguuni ili kifua na kichwa visikose. Hali ikizidi, aliita zahanati. Lakini damu huchelewa kusema, hasa ya wazee, kwa hiyo watengenezaji walitaka mlezi amsikilize mtu pia. Walezi wa kwanza walifundishwa kusikiliza majibu ya mwenyewe anaposalimiwa. Hapo ndipo walipogonga mwamba. Watu waliulizwa habari, wakajibu nzuri. Mwenye homa, nzuri. Aliyeunguliwa nyumba, nzuri, ila nyumba imeungua. Walikufa watu wakisema nzuri.

"Sisi ndio tuliowaambia," Mahimbo alisema, na hata sasa kifua kilimvimba. "Watabibu wa milimani. Tulikwenda mpaka kwenye mkutano wao, tukawaambia, kwetu mgonjwa hasemi anaumwa. Anayesema ni jirani yake. Msisikilize anachojibu, sikilizeni anachoambiwa. Pole tuliipigania sisi, dada Nasiba. Wao walitaka kuiacha, walidhani ni neno la adabu tu."

"Lakini mimi napewa pole kwa kukimbia."

"Sikio la mlezi ni dogo. Linashika neno na sauti, halishiki sababu. Kila asubuhi anasikia kijiji kizima kikikulilia mlimani, anadhani njaa imerudi." Akajikuna kidevu, safari hii kama mtu mwenye jibu. "Naweza kulitoa. Ni neno moja. Naliondoa kwenye kamusi ya walezi, mnara unatuma, kesho unakimbia ukiwa mtu huru."

"Kwangu mimi tu?"

"Kamusi ni moja kwa milima yote."

"Basi nitoe mlezi."

"Ukipanda juu ya bonde bila mlezi, baridi itakuua kabla upepo haujakuua. Na hawatakuruhusu." Mkono wake ulikuwa tayari juu ya meza ya mwanga. "Nilitoe?"

Nasiba alifungua mdomo kusema ndiyo. Wanawake wa Ushimba aliwajua kwa majina, na mmoja wao alimpa mtoto wake jina la Nasiba kwa sababu ya sanduku lililofika kabla ya dakika ya mwisho. Damu ingebaki mezani na wao wangekufa, tena wangekufa kwa ajili ya neno. Ndiyo ilikuwa ulimini kabisa.

Lakini alimwona Bi Mwajabu. Masika yaliyopita mama mkwe yule aliumwa kifua, na hakuna aliyejua, hata Nasiba aliyekuwa analala chumba cha pili. Kila asubuhi aliulizwa habari, akajibu nzuri, mwanangu, akachukua ndoo akaenda bombani. Damu yake ilikuwa bado haijasema kitu. Singano ndiye aliyemwona jinsi alivyoiweka ndoo chini, akamwambia pole mama, na mlezi akasikia, akamshikilia, akaita. Mahimbo mwenyewe ndiye aliyesema baadaye kwamba wangechelewa kidogo tu wangemzika.

"Wako wangapi?" Nasiba aliuliza. "Waliookolewa na pole."

"Sijui. Aliyepona haji kuuliza amepona vipi."

Alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, jambo ambalo hakulipenda. Ushimba huku, Kwemzitu kule, na yeye katikati na kilo zake tatu. Ilimuuma kwamba kazi yake yote ya jasho imekuja kukwama kwenye mapenzi ya watu, maana pole zile zilikuwa mapenzi, hazikuwa kitu kingine. Angekuwa na adui mlimani angempiga. Hakuwa na adui, alikuwa na majirani.

"Wakisema neno jingine?" aliuliza mwishowe. "Hongera imo?"

Mahimbo alifikiri. "Imo. Mlezi akisikia hongera anajua mtu wake amefika salama, anaachia."

"Basi pole usiiguse. Nitabadilisha midomo, usibadilishe walezi."

"Na siku ukiumwa kweli, na watu umewazoesha kukunyima pole?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Akalifikiria. "Hiyo itakuwa hatari yangu mimi," alisema. "Siyo ya mama mkwe wangu."

*

Ilikuwa rahisi kusema mbele ya daktari. Kwemzitu, hongera hupewa mtu aliyejifungua, aliyeoa, aliyefaulu, aliyerudi Makka. Haipewi mtu aliye katikati ya kilima, macho mekundu, anahema. Na mtu haiombi. Kuomba hongera ni sawa na bibi harusi kujitunza mwenyewe, kujibandikia noti kwenye paji la uso mbele ya wageni.

Nasiba aliiomba. Alianza na wauza matunda, kwa sababu ukiwaambia wao umewaambia wote.

"Hongera ya nini?" aliuliza Mama Chausiku, mwenye ndoo kubwa kuliko wenzake. "Umeshinda nini?"

"Bado sijashinda."

"Basi subiri ushinde, mwenzetu. Tutakupa na vigelegele juu yake."

"Nikisubiri sitashinda." Akawaeleza yote, mlezi, pole, ungo, Ushimba. Walisikiliza. Alipomaliza walitazamana, na Nasiba akaona wamefika mahali pabaya zaidi ya kutoelewa. Walikuwa wanaona haya.

"Kumbe tulikuwa tunakunenepesha sisi," Mama Chausiku alisema taratibu.

"Mlikuwa mnanipenda. Nipendeni kwa neno jingine, mpaka nipimwe."

Bi Mwajabu ndiye aliyekataa. Alimsikiliza mkwewe hadi mwisho, jikoni, akichambua kunde za makande, kisha akasema bila ugomvi, "Siwezi. Hongera ni neno la mwisho, mwanangu. Nikikupa sasa, nimeifunga safari yako kabla hujafika. Mimi mdomo wangu hautaki."

"Basi usiseme kitu, mama."

"Nikuone unapanda kilima kile nisiseme kitu?" Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Haya. Nitanyamaza."

Kesho yake Nasiba alipanda kilima akiona aibu kuliko siku aliyopanda ungo mara ya kwanza na kutapika. Fundi Singano alisimama kabisa, mkono kifuani. "Po," alianza, akajishika. "Hongera, Mama Nuhu." Wauza matunda waliipiga kwa pamoja, mmoja wao akakosea, ikatoka "pohongera," wakaangua kicheko, na kufika mwisho wa wiki, hiyo ndiyo iliyokuwa salamu ya kilima kizima. Watu waliokuwa hawajawahi kumsemesha walitoka milangoni kumpa pohongera. Mwanzoni Nasiba aliinamisha kichwa akiipokea, kama mtu anayepewa kisicho chake. Kisha siku moja hakuinamisha. Alikuwa anapanda kilima ambacho nusu ya kijiji walikuwa wanakipanda kwa kupumzika mara mbili, mwezi baada ya mwezi, na hongera ile ilikuwa yake kwa haki. Akaanza kuijibu kwa kichwa kilichosimama, na vidole vyake vilikuwa vya moto mpaka juu tangini.

Mstari wa ukutani ukaamka. Sitini. Hamsini na tisa na nusu. Mahimbo alikuwa anaita wauguzi waje kuuona.

Bombani tu ndiko kulikokuwa kimya. Bi Mwajabu alisimama pale kila asubuhi na ndoo yake, na alipomwona mkwewe anatokea kwenye kona, alichukua pindo la kanga, akalitia mdomoni, akaling'ata. Alimtazama anavyopita, macho yamemjaa, kisha akageukia maji. Nasiba alijua ni kwa ajili yake. Hata hivyo ilimchoma kila siku, kwa maana hakuna kitu kizito kama kumpita mtu anayekupenda naye asikuambie kitu. Usiku mmoja alimwambia mumewe, Ngoda, kwamba pengine kukosa pole ya mama ndiko kunakompunguza, wala siyo hongera. Ngoda alisema hilo amuulize daktari.

*

Mkaguzi alikuwa mwanamke kutoka mjini, mwenye viatu visivyofaa kwa Kwemzitu. Alileta mizani yake mwenyewe, isiyosema, na hiyo ilikuwa adhabu mpya, maana sasa benchi lote la nje lilikuwa halijui kitu na lilikuwa limejaa mpaka ukutani.

Nasiba alipanda. Mkaguzi akainama, akasoma, akamwomba ashuke apande tena. Nasiba alipenda kwamba naye ni mtu wa kusikia mara mbili.

"Hamsini na nane kasoro kidogo," alisema mkaguzi. "Sanduku linaweza kujaa. Ungo ni wako, Rubani."

Daktari Mahimbo alijikuna kidevu kwa mikono miwili. Nasiba alishukuru, akavaa hereni zake taratibu, moja moja, kwa sababu alitaka kutoka akiwa amekamilika. Kisha akafungua mlango, na hakuhitaji kutangaza, walimsoma usoni. Vigelegele vilipanda. Mama Chausiku alitimiza ahadi yake na kuizidisha, Singano alipiga makofi mpaka miwani ikadondoka, na hongera zikamjia kutoka kila upande, safi sasa, bila kukosewa. Alisimama katikati yao akizipokea zote. Alijivuna, na hakuona sababu ya kuficha.

Kisha watu wakapisha, na Bi Mwajabu akaja mbele, pindo la kanga bado liko mdomoni. Alilitoa, akalikamua kwa vidole.

"Wamekwisha kukupima?"

"Wamekwisha, mama."

"Hawarudii?"

"Hawarudii."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mama."

Bi Mwajabu akamshika mabega. Yote aliyoyang'ata tangu siku ile jikoni yalitoka kwa mara moja. "Pole, mwanangu," alisema. "Pole na kilima. Pole na njaa. Pole na jua, pole na kunyamaziwa, pole sana, mama, pole."

Mlezi alisikia. Baridi ilipanda kutoka kwenye vidole hadi kwenye viwiko, ikashuka magotini, na mwili mzima wa Nasiba ukafunga milango yake kumlinda. Hakuwahi kuisikia ikija kwa nguvu hivyo. Alimwegemea mama mkwe wake, akaiacha imshike, na machozi aliyokuwa hakuyapanga yakamtoka mbele ya kijiji.

"Ahsante, mama," alisema. "Nimeshapoa."

Sanduku la Ushimba lilikuwa limejazwa tayari, nalo alilibeba mwenyewe mpaka kwenye ungo kwa mikono iliyokuwa bado ya baridi.